Ajenda ya Kwanza: Wivu

"Kwani wewe unamwonea wivu nani?"

Aliniuliza hivyo mchana kweupe, juu ya mwamba, mbele ya mtaa mzima, na sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimesimama, mkono mmoja kiunoni, nimetoka kusema maneno marefu kuhusu matangi ya petroli na maji ya ziwa. Nilikuwa na shahada mpya ya chuo kikuu. Huko chuoni nilikuwa nimejifunza kwamba swali likikushinda, unaanza kwa kuuliza maana ya maneno yake. Nikafungua mdomo niseme, "Wivu kwa maana ipi?" Nikaona watu wameshaanza kucheka, nikaufunga.

Aliyeuliza alikuwa Balozi. Siku zile za chama kimoja kila nyumba kumi zilikuwa na mkubwa wao aliyeitwa balozi, na wa kwetu alikuwa huyo mama. Jina alikuwa nalo, ila halikuwa na kazi. Mumewe alimwita Balozi. Mchungaji alimwita Balozi. Yeye mwenyewe akijikwaa njiani alisema, "Balozi, angalia unapokanyaga." Alikuwa mfupi na mpana, na sauti yake ilikuwa nyembamba, kama redio ndogo iliyowekwa ndani ya kabati kubwa. Mtu asiyemjua angedhani anayesema ni mwingine aliyesimama nyuma yake.

Vikao vyake aliviendesha kwa namna ambayo sijaiona popote pengine, na nimehudhuria vikao vingi tangu hapo. Kwanza aliwaacha watu wapige kelele mpaka wachoke. Kisha alisema, "Haya, nyamazeni. Tugombane kwa zamu." Yeye ndiye aliyegawa zamu, na kwa kuwa aligawa, yeye mwenyewe hakujipa. "Mwenye kikao hana zamu," alisema. Alilishika hilo kama watu wengine wanavyoshika mfungo. Ungemtukana, angekutazama tu, halafu akamwita anayefuata.

Baada ya hapo alitangaza ajenda. Ya kwanza ilikuwa daima moja. "Ajenda ya kwanza: wivu."

Alitaka kila mwenye wivu na mwenzake aseme kabla mambo mengine hayajaanza. Hakuwa anatania. Alisema ugomvi wote wa mtaa aliowahi kuamua, wa mipaka, wa kuku, wa waume, ulianza na mtu aliyeona kitu kwa jirani akanyamaza. "Unaniletea kesi ya kuku," alimwambia mama mmoja, "kumbe shida yako ni bati jipya la mwenzako. Sema bati, tumalize." Basi watu walisema. Mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa raha. Nilipokuwa mdogo nilipenda kujibanza karibu na kikao nisikie nani anamwonea nani wivu wiki hiyo. Ilikuwa kama kusikiliza mpira redioni.

Yeye mwenyewe wivu wake haukungoja kikao. Aliutembeza. Mama Bhoke, muuza dagaa wa nyumba ya tatu, alipoletewa kitanda cha mninga, Balozi alikwenda asubuhi yake akasimama uani.

"Mama Bhoke, nimekiona kitanda."

"Karibu, Balozi."

"Sijakaribia. Nimekuja kukwambia nimekuonea wivu tangu jana. Hata ugali haupiti."

"Jamani, Balozi! Ni kitanda tu."

"Kwako ni kitanda. Mimi nalaliaga kamba."

Kisha akaingiza mkono chini ya khanga, akatoa foronya mbili zilizotariziwa maua, akamsukumia Mama Bhoke haraka kama mtu anayepitisha magendo. Niliziona kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji. Akasema kwa sauti ya chini, "Wivu nimeutangaza. Hiki usikitangaze." Akaenda zake anaimba.

Ndivyo alivyokuwa. Hakuweza kumtazama usoni mtu aliyemwonea wivu mpaka ampe kitu. Aliyepata baiskeli alipewa kengele. Aliyejenga choo cha saruji alipewa ndoo. Watu wa mtaa walijua bila kusema. Nilipokua nikaanza kuuliza maswali, niliona ni ujanja: unampa mtu foronya, naye anakuwa wako maisha. Nilimwambia mama hivyo. Mama akasema, "Na wewe ungempa nini Mama Bhoke?" Sikuwa na cha kumpa Mama Bhoke. Sikuona swali linahusiana vipi.

Lakini nilikuwa na kisa changu na Balozi, na ni lazima nikiseme mapema. Nilipokuwa na miaka saba hivi, mwaka tuliohamia Musoma kutoka Mugeta baba alipopata kazi kiwandani, nilikaa mlangoni nikasoma kwa sauti kipande cha gazeti kilichofungiwa dagaa. Nilisoma habari za pamba, neno kwa neno, mpaka pale mafuta ya dagaa yalipokula herufi. Balozi alikuwa anapita. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia mama, ambaye walikuwa hawajajuana sana, akasema, "Dada, nimekuonea wivu kwa mtoto huyu."

Nilijua tayari maana yake. Watoto wa mtaa walikuwa wameshaniambia. Nikangoja kitu. Nikangoja siku hiyo, nikangoja kesho yake, nikawa namchungulia kila akipita, nikiangalia kama khanga imebinuka. Hakuleta kitu. Baiskeli ilipata kengele, choo kilipata ndoo, mimi sikupata hata kalamu. Ni jambo la kitoto, najua, lakini lilikaa nami mpaka chuo kikuu. Nilijiambia: wivu wa Balozi kwangu haukuwa wa kweli.

Huo mwamba ulikuwa ukingoni mwa mtaa, kando ya barabara inayokwenda Bunda. Musoma mawe hayakosekani, lakini ule ulikuwa wa aina yake: bapa, mpana kama uwanja wa shule, umeinuka kidogo upande wa ziwa. Hapo ndipo wanawake wa mtaa walipoanika. Asubuhi dagaa waliotoka Rukuba kwa boti, na msimu wa mihogo udaga ulioletwa na malori ya Butiama, mihogo iliyovundikwa ikapondwa na kutapakazwa juu ya jiwe, myeupe kama chokaa. Hapakuwa na mistari wala majina. Kila mwanamke alikuwa na nafasi yake na kila mtu aliijua. Mpaka ulikuwa ufa, au doa, au mahali ambapo jiwe lilibadilika rangi. Ukimkuta mwanamke ameanika ng'ambo ya doa lake, hapo ndipo pangepatikana kikao.

Nafasi ya mama ilikuwa juu kabisa, karibu na ufa mkubwa. Jua lilifika hapo mapema na kuondoka mwisho, na upepo wa ziwa ulipita juu yake bila kizuizi. Dagaa wa mama walikauka wakati wa wenzake bado wananata. Niliamini nafasi ile ni ya mama kama pua yake ilivyo yake. Ada yangu ya shule, sare, sanduku la bati, nauli ya treni kutoka Mwanza kwenda Dar, vyote vilikauka pale juu kwanza.

Balozi ndiye aliyeamua mipaka ya mwamba, lakini mwenyewe hakuanika. Udaga alinunua sokoni, umeshakauka, kama mke wa ofisa. Niliyaita hayo majivuno. Mwamba mzima chini ya kidole chake, na yeye hataki kuchafua miguu.

Alikuwa na mambo mengi yasiyokaa pamoja. Katika miaka ile ya dhiki, sukari na sabuni vilipogawiwa kwa balozi, alikata mche wa sabuni kwa uzi mbele ya watu wote, akapima vipande kwa jicho moja amelifumba, akampa mwenye watoto wengi kipande kikubwa bila kumsikiliza mtu. Lakini tone la mafuta ya kupikia lililobaki chini ya debe lilikuwa lake, na hapo hapakuwa na mjadala. "Hilo ni la Balozi," alisema, kana kwamba Balozi ni mtu mwingine aliyemtuma.

Kuna Jumapili ambayo mtaa bado unaisimulia. Petroli ilikuwa haba kiasi kwamba magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Balozi aliamua kwamba sheria hiyo inamhusu yeye. Akasimama katikati ya barabara ya Bunda na mwavuli, akalisimamisha gari la bwana mmoja mwenye tumbo. Akamsomea: wananchi hawana mafuta ya taa, wewe unatembeza bati barabarani, huoni aibu. Yule bwana akaomba radhi, akasema ana msiba Bunda. Balozi akauliza msiba wa nani. Akaambiwa. Akashusha mwavuli. "Huyo ni mtu wetu," akasema. "Kwa vile umeshakosa, nipeleke na mimi." Akafungua mlango, akakaa mbele.

Mama alikuwa akiisimulia hadithi hiyo mpaka anafuta machozi. Sikuwahi kumfanya mama acheke hivyo. Nikirudi likizo na hadithi za Dar, za maprofesa na migomo ya chakula, mama alisikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mgeni. Nikimaliza alisema, "Ngoja tukamwambie Balozi." Nikimweleza jambo nililolisoma kitabuni, akaitikia kwa kichwa, halafu: "Balozi anasemaje juu ya hilo?" Jioni walikaa wawili nyuma ya nyumba, wanachambua dagaa, magoti yao yamegusana, wanaongea kwa ile lugha yao ya nusu maneno ambayo mtu wa tatu haingii. Mimi nilikaa ndani na kitabu. Ukurasa haukugeuka.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ikaachia biashara ya watu binafsi, maduka yakajaa, na Magesa akarudi.

Magesa tulisoma naye darasa moja shule ya msingi. Alikaa nyuma yangu, na jibu lake la hesabu lilifanana na langu hata nilipokosa. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Akaenda Buhemba kwenye dhahabu, watu wakasema amefukiwa, wakasema amefungwa, kisha akaonekana anasafirisha petroli kwa mapipa. Sasa alitaka kujenga sheli. Sheli yenyewe, yenye pampu na paa na taa. Na kiwanja alichoona kinafaa, bapa, imara, kando ya barabara, kilikuwa mwamba wetu. Ungepasuliwa kwa baruti ili matangi yaingie chini.

Mwaka huohuo mimi nilimaliza chuo. Waliotutangulia walipangiwa kazi na serikali kabla hawajavua majoho. Sisi tuliambiwa tungoje. Nikangojea nyumbani kwa mama. Magesa alipita na pikapu yake, akapunguza mwendo. "Dada msomi, shikamoo ya elimu! Twende wapi nikusogeze?" Sikuwa na pa kusogezwa. Nilimjibu kwamba natembea kwa ajili ya afya.

Ofisi ya mji ilisema haina pingamizi na sheli mradi wakazi wenyewe wakubali, na ikamtuma bwana mmoja aje asikilize. Balozi akaitisha kikao palepale juu ya mwamba. Watu walikuja wote. Wanaume walikaa upande wa barabara, kwenye kivuli cha pikapu ya Magesa. Wanawake walikusanya udaga wao pembeni, wakakaa. Magesa alivaa suti, na jua lilimwadhibu. Bwana wa ofisi ya mji alipewa kiti cha pekee.

Watu walipiga kelele mpaka wakachoka.

"Haya, nyamazeni," akasema Balozi. "Tugombane kwa zamu. Ajenda ya kwanza: wivu."

Bwana wa ofisi ya mji akainua kichwa. "Samahani, mama. Ajenda si kituo cha mafuta?"

"Ni ya pili, baba. Kaa utulie."

Mama Bhoke akaanza. "Mimi nina wivu na Magesa. Huyu aliibaga ndizi kwetu akiwa na kaptula yenye madirisha mawili nyuma. Leo mimi nanuka dagaa, yeye ananuka marashi."

Watu wakaangua kicheko. Magesa naye akacheka, akapangusa uso. "Na petroli, mama. Marashi na petroli."

Akasimama Mzee Wambura, fundi baiskeli. Yeye hakucheka. "Mwanangu aliingia shimo lilelile la Buhemba. Mwaka uleule. Huyu katoka na gari, wangu katoka na kifua. Nina wivu. Sina zaidi." Akakaa. Magesa alitazama viatu vyake.

Wengine wakafuata. Mmoja alimwonea wivu mama yangu kwa nafasi yake ya juu, na mama akasema, "Nimesikia," kama ilivyokuwa desturi. Hata Magesa akasema ana wivu: na watu wanaolala usiku bila kufikiria tangi.

Ndipo nikasimama. Nikasema mimi sina wivu, nina hoja. Nikazitoa. Matangi huvuja, na yakivuja hapa yatavujia ziwani, tunakochota maji. Moshi wa malori. Harufu ya petroli kwenye chakula. Nani atalipa? Kwa nini mtu mmoja apewe mahali pa watu wote, eti kwa sababu tu mahali penyewe pamekaa vizuri? Ruksa ni ruksa ya nani? Niliongea vizuri. Nilijisikia naongea vizuri. Nilimwona bwana wa ofisi ya mji anaitikia, na nikamtazama mama kama ameona.

Mama alikuwa anamtazama Balozi.

Balozi akaniacha nimalize. Kisha, kwa ile sauti ya redio ndogo: "Msomi. Hoja ni za ajenda ya pili, na ni nzuri, tutazisikia. Bado tuko ya kwanza. Kwani wewe unamwonea wivu nani?"

Nimeshasema kilichotokea. Nilikaa.

Ajenda ya pili ilichukua mchana wote. Waliotaka sheli walisema wamechoka kubeba madumu kwenda kuomba mafuta ya taa kama sadaka. Walisema vijana watapata kazi, na mtaa utapata taa. Mzee Wambura, pamoja na wivu wake, alisema anaitaka: penye gari pana baiskeli. Mama Bhoke aliuliza dagaa waanikwe wapi. Magesa akasema mchanga ziwani umejaa. Mama Bhoke akamwuliza kama kwao wanakulaga mchanga.

Mwisho Balozi akatoa utaratibu wa kura. Naukumbuka neno kwa neno kwa sababu niliuchambua kichwani miaka mingi.

"Asiyeitaka sheli asimame penye nafasi yake ya kuanikia. Mtu na nafasi yake. Huyu baba wa ofisi aone kwa macho ni nani anaondolewa. Anayeitaka abaki amekaa."

"Na sisi wanaume tusio na nafasi?" Mzee Wambura akauliza.

"Kaeni. Ninyi mnakulaga tu."

Wanaume wakacheka, wakakaa. Mama akawa wa kwanza kuinuka. Alipanda mpaka juu, akasimama karibu na ufa, kandambili zake zimekatika kamba moja. Mimi nikamfuata nikasimama kando yake. Nilifikiri: sasa ataniona.

"Msomi," akaita Balozi. "Hapo pana mtu mmoja."

"Mimi ni mwanawe."

"Mtu na nafasi yake. Wewe unayo ya kwako?"

Sikuwa nayo. Nikashuka, nikaenda kukaa, na kwa utaratibu ule nikahesabika kuwa naitaka sheli. Mimi niliyeongea kuliko wote. Magesa alinikonyeza.

Wanawake wengine walianza kuinuka. Mama Bhoke alinyanyua goti moja. Kisha akamtazama Balozi.

Balozi alikuwa amekaa. Alikaa chini, juu ya jiwe, miguu ameinyoosha mbele, mikono mapajani. Hakusema kitu, kwa kuwa mwenye kikao hana zamu. Hakumtazama Mama Bhoke. Alikuwa anaitazama miguu ya mama yangu pale juu. Nilidhani anazidharau zile kandambili.

Mama Bhoke alishusha goti. "Kama Balozi anaitaka," nikamsikia akinong'ona, "mimi ni nani?" Aliyekuwa nyuma yake, ambaye alishasimama kabisa, akakaa taratibu kama mtu aliyekuwa ananyoosha khanga tu. Ikaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwamba wote ukawa umekaa na mama amesimama na wengine wachache wa pembeni, mbalimbali, kama meno ya mzee. Balozi alifungua mdomo. Niliona. Akaufunga.

Bwana wa ofisi ya mji akasema, "Naona hali iko wazi."

Usiku nilimwambia mama, "Amehongwa. Lazima Magesa amempa kitu." Mama alikuwa anapakua. Akaweka sufuria chini kwa kishindo hata mfuniko ukaruka. "Usiseme usichokijua," akasema. Nikamwuliza basi anijulishe. Akanipa sahani.

Asubuhi iliyofuata Balozi alikuja kama kawaida, wakachambua dagaa, magoti yamegusana. Hakuna aliyekuwa na hasira ila mimi. Nilisikia mama anacheka, na nikajua kwamba kwa kuniacha mimi nimkasirikie Balozi peke yangu, walikuwa wamenifungia nje tena.

Mwamba ulipasuliwa kwa wiki kadhaa. Madirisha yalitikisika, kuku waliacha kutaga. Wanawake walihamia kwenye mchanga wa ziwa, na dagaa wa mtaa wetu wakaanza kukwaruza meno kwa mchanga. Mama aliacha biashara hiyo, akauza mafuta ya taa kwa kipimo cha kikombe, aliyoyanunua kwa Magesa. Mimi nilipata kazi Mwanza.

Nilimwona Balozi mara ya mwisho miaka ikiwa imepita, nilipoteremka basi pale sheli na jozi ya khanga mpya niliyomnunulia mama begani. Sheli ilikuwa nyeupe, safi, na pembeni, kwenye ukingo wa saruji jua linapopiga, alikaa yeye na ungo wa udaga mbele yake. Mwili ulikuwa umepungua. Sauti sasa ilimtosha.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Msomi. Ubalozi uliishia kwenye vyama vingi. Siku hizi mimi ni mama tu."

"Huyu Magesa anakuruhusu kuanika hapa?"

"Nilimwendea siku alipofungua. Nikamwambia nimekuonea wivu mpaka magoti. Nikampa jogoo. Tangu hapo ananiletea chai." Akageuza udaga kwa vidole. "Saruji si jiwe, lakini inakauka."

Nikakaa kando yake. "Nimekuja na jibu lako."

"Jibu la nini tena?"

Alikuwa amesahau. Nililibeba lile swali miaka yote, na yeye alikuwa amelitupa siku ileile. Nikamkumbusha. Nikamwambia kwamba niliwahi kufikiri ni Magesa, na kidogo ilikuwa Magesa. "Lakini ni wewe. Nilikuonea wivu wewe."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi? Wa kulalia kamba? Nina nini mimi?"

"Mama yangu."

Akaacha kucheka. Akatazama barabarani, lori likapita, likaisha. "Hapo sikukatalii," akasema. Kisha akanipa kiganja, wazi, kama mtoto. "Na mkononi umeleta nini?"

Sikuwa na kitu ila zile khanga. Nikampa. Akaziingiza chini ya khanga yake, na akapigapiga mahali zilipolala. "Usimwambie mama yako."

Nilimwambia, jioni hiyohiyo, kwa kuwa aliniuliza mbona nimekuja mikono mitupu. Nilitegemea atanuna. Alichochea moto, akatabasamu ndani ya moshi. "Hazitoshi bado," akasema. Sikuelewa, na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza.

Mama alinyamaza mpaka Balozi alipokufa, kwa sababu aliambiwa asitangaze. Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, amekaa kitandani anavua viatu, ndipo akanieleza kuhusu lile gazeti la dagaa nililosoma nikiwa na miaka saba. Jioni ile Balozi alimchukua, wakiwa wawili tu, akampandisha juu ya mwamba mpaka karibu na ufa, akamwambia, "Nilipokuwa naanika mimi, kuanzia kesho utaanika wewe. Huyu mtoto atahitaji ada." Hakuwa na nafasi nyingine, na hakuwahi kuitafuta. Siku ya kura ya sheli Balozi alibaki amekaa kwa sababu penye nafasi yake alikuwa amesimama mama.